Wageni wa Ziwa Nakuru

Habari za mji kwa desturi huanzia kwa watu wake: waliofika kwanza, waliojenga, waliotawala na waliotawaliwa. Desturi hiyo ni njema, wala sina nia ya kuivunja. Lakini Nakuru ni mji uliojengwa kando ya ziwa, na ziwa hilo lina wenyeji na wageni wenye mbawa ambao habari zao zimefungamana na habari za watu hata haiwezekani kuzitenga. Katika insha hii nakuomba, msomaji, uitazame historia ya Nakuru kwa upande wa ndege. Swali letu ni moja: kwa nini ndege aliye wa kawaida katika zama hizi huwa adimu katika zama zijazo, na aliyekuwa adimu jana akawa wa kawaida leo?

Kwanza yatupasa kuifahamu nchi yenyewe. Ziwa Nakuru liko katika Bonde la Ufa, mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini, nyuma ya mji, umesimama mlima wa Menengai wenye shimo kubwa la volkano. Upande wa magharibi ni miinuko ya Mau. Mito midogo kama Njoro, Makalia na Nderit hushuka kutoka Mau na kuingia ziwani. Maji huingia, lakini hayana pa kutokea. Mchukuzi wake ni jua peke yake, nalo huchukua maji na kuacha chumvi. Ndiyo sababu ziwa hili ni la magadi, na kina chake ni kifupi. Mvua ikizidi, hutanda. Mvua ikikosa, hunywea, na upepo huinua vumbi jeupe katika sehemu zilizoachwa wazi. Husemwa kwamba hata jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Katika maji hayo ya magadi ambayo hayamfai mwanadamu kunywa, huota mwani mdogo sana uitwao spirulina, usioonekana kwa macho ila kwa rangi ya kijani inayotia maji yote. Mwani huo ndio chakula cha heroe mdogo, ndege mwenye miguu mirefu na manyoya ya waridi. Heroe huinamisha kichwa hata mdomo wake ukawa juu chini, kisha huyachuja maji kama mpishi achujavyo tui. Nduguye, heroe mkubwa, huchuja vijidudu vilivyomo topeni. Kwa hiyo ndugu hawa wawili huweza kula mahali pamoja bila kugombania sahani moja. Katika miaka ya neema, heroe walioonekana Nakuru walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wakati mwingine walipita milioni moja.

Nani aliyewaona kwanza? Si wageni kutoka Ulaya. Wamaasai walilisha mifugo yao katika nchi hiyo kwa vizazi vingi, na misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilipita katika Bonde la Ufa ikitafuta pembe za ndovu. Mwaka 1870 mmishenari Thomas Wakefield alichapisha habari za njia za misafara, na aliyempa habari hizo alikuwa msafiri Mwislamu wa Pwani, Sadi bin Ahedi. Mwaka 1883 Gustav Fischer, Mjerumani, alifika Naivasha, na katika safari ya mwaka huohuo Joseph Thomson, Mskoti, alipita katika Bonde la Ufa akifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Wazungu hao waliandika vitabu. Wenyeji na watu wa misafara walibaki na maarifa yao vichwani. Tusisahau jambo hili, maana litarejea. Kisichoandikwa hupotea pamoja na akijuaye.

Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ilipita Nakuru ikielekea Ziwa Viktoria. Mwaka 1904 Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo, na katika mwaka huohuo Wamaasai waliondolewa katika nchi hiyo ya Bonde la Ufa kwa mkataba, wakapelekwa Laikipia; mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka huko. Ardhi yao ikawa mashamba ya walowezi. Kwa watu lilikuwa badiliko kubwa na chungu. Kwa ndege, badiliko lilikuja polepole zaidi: msitu ulikatwa hapa na pale, mbuga zikalimwa, na kando ya ziwa pakaota mji.

Sasa na tuwaangalie wageni wanaokuja kutoka mbali. Kati ya Septemba na Aprili, wakati nchi za Ulaya na Asia ya Kaskazini zinapofunikwa na baridi, ndege wengi huzihama. Majira ambayo kwao ni ya theluji, kwetu Januari ni kiangazi chenye jua kali. Mbayuwayu wa Ulaya hujipanga juu ya nyaya za umeme mjini kama herufi juu ya mstari. Korongo weupe huonekana katika mashamba ya ngano wakifuata panzi. Keremkerem hupita angani wakiita. Kandokando ya ziwa, katika tope, vitwitwi wa aina nyingi hudonoa tangu alfajiri hadi magharibi, na bata wa kaskazini hukusanyika majini, hata katika mabwawa ya kusafishia maji taka ya mji.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege hao walikwenda wapi. Wengine walidhani kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa hadi baridi iishe. Mwezi wa Mei mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani ya Kaskazini, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na silaha ya Kiafrika yenye urefu wa karibu sentimita 80. Ndege yule alikuwa amepata jeraha lake Afrika, akaruka nalo mpaka Ulaya. Mwili wake ulikaushwa na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ushahidi ule ulikuwa dhahiri kuliko hoja zote za wataalamu.

Baadaye ilipatikana njia isiyo na ukatili. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa shule huko Denmark, Hans Christian Mortensen wa mji wa Viborg, alianza kuwavika ndege pete nyepesi za alumini zenye nambari na anwani. Aliyemwokota ndege mwenye pete aliweza kupeleka habari. Mwaka 1911 mbayuwayu alivikwa pete katika Uingereza, na mwezi wa Desemba mwaka 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Nchini kwetu kazi hiyo imefanywa tangu mwaka 1969 huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako ndege wasafirio usiku huvutwa na taa wakati wa ukungu wa Novemba na Desemba. Hukamatwa kwa nyavu laini, huvikwa pete, hupimwa na kuachiliwa. Fikiri, msomaji: mwalimu wa shule, kwa vipande vya alumini na subira, alifumbua fumbo lililowashinda wenye hekima tangu zama za Wayunani.

Kati ya wageni hao yuko kitwitwi mmoja ambaye dume lake, wakati wa kutafuta mke huko kaskazini, huota manyoya mapana ya shingoni mfano wa ukosi wa mfalme. Bonde la Ufa hupokea wengi wa jamii hii, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba aghalabu wanaofika Kenya ni majike. Madume wengi hubaki karibu zaidi na kwao. Hata dume anayefika huwa ameshapukutisha ukosi wake. Basi mtu wa Nakuru anaweza kumwona ndege huyu maisha yake yote asiione fahari yake, na mtu wa Siberia anaweza kuiona fahari hiyo asijue kwamba mwenyewe hushinda nusu ya mwaka katika tope la Afrika. Ndege ni mmoja, lakini kila mtu amemjua nusu.

Na heroe je? Yeye si mgeni wa Ulaya, lakini naye alikuwa na fumbo lake. Maelfu kwa maelfu walionekana Nakuru, wala haikujulikana walizaliwa wapi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo katika Kenya, aliyagundua makao yao ya kuzalia katika Ziwa Natron, Tanganyika. Alipojaribu kuyafikia kwa miguu, tope la magadi lilimzamisha, fuwele za magadi zikaingia katika viatu vyake na kumchubua vibaya hata akalazwa hospitali kwa muda mrefu. Tope lile lile lililomtesa Brown ndilo ngome ya makinda, kwa maana fisi na mbweha hawawezi kulivuka. Hivyo heroe wanaolipamba Ziwa Nakuru la Kenya ni wazaliwa wa Tanzania. Mwaka 1962, Natron ilipofurika kwa mvua kubwa, walihamia Magadi kuzaa. Huko magadi yaliganda miguuni pa makinda kama pingu, na watu waliojitolea wakaingia ziwani kuyavunja, wakawaokoa makinda kwa maelfu.

Mvua hizo za mwaka 1961 na 1962 zilikuja wakati mambo mengine yalipokuwa yakibadilika Nakuru. Mwaka 1960 sehemu ya ziwa ilitengwa kuwa mahali pa kuhifadhi ndege, na mwaka 1968 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa. Roger Tory Peterson, bingwa wa ndege kutoka Marekani, alilisifu ziwa hili kuwa tamasha kubwa kuliko yote ya ndege duniani. Wakati huohuo jambo jingine lilitendeka kimya. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Kati ya mwaka 1953 na 1962 waliletwa samaki wadogo jamii ya perege kutoka chemchemi za Magadi, wavumiliao maji ya chumvi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki walistawi, na walao samaki wakapata habari bila ya kuandikiwa barua. Mwari, ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, ambaye katika ziwa lisilo na samaki hakuwa na la kumkalisha, alikuja makundi kwa makundi. Mwaka 1968 mwari walianza kuzaa juu ya majabali ya Ziwa Elementaita. Wakawa wanalala Elementaita na kuja Nakuru kutafuta riziki, kama wafanyakazi wakaao mji mmoja na kuajiriwa mji wa pili.

Hapa twapata jibu la kwanza la swali letu. Uadimu si sifa ya ndege kama rangi yake au mlio wake. Ni uhusiano kati ya ndege, mahali na wakati. Mwari hakubadilika, lililobadilika ni ziwa, na aliyelibadilisha ni mwanadamu aliyekuwa akifikiri habari za mbu.

Jibu la pili ni chungu zaidi. Mwaka 1993 na miaka iliyofuata, heroe walikufa kwa wingi katika Nakuru na Bogoria. Wataalamu walitaja sababu mbalimbali: sumu itokayo katika mwani wa namna fulani, maradhi, na madini mazito yaliyoletwa na maji machafu. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kutoa sehemu kubwa ya msitu wa Mau ya Mashariki kwa makazi na mashamba, ingawa msitu huo ndio mlezi wa mito inayolisha ziwa. Kisha, tangu mwaka 2010 hivi, maji yakageuka na kupanda. Ziwa lililokuwa chini ya kilomita za mraba 40 lilipita 50 ilipofika mwaka 2013, na mwaka 2020 likazidi tena. Lango kuu la hifadhi lilimezwa, barabara zikazama, na watu wa mitaa ya kando kama Mwariki wakahama nyumba zao. Maji mengi yalizimua magadi, mwani ukapungua, na heroe wengi wakaondoka kwenda Bogoria, Elementaita na kwingineko. Mahali pao wakaongezeka mnandi, mbizi na tai mla samaki, ambao ni ndege wa maji yasiyo makali. Tangu hapo makundi ya heroe yamekuwa yakienda na kurudi kulingana na hali ya maji. Lakini kijana aliyezaliwa Nakuru baada ya mwaka 2010 amekua bila kuyazoea yale mawimbi ya waridi ambayo kwa babu yake yalikuwa jambo la kila siku.

Twajuaje haya yote? Twajua kwa kuwa wako watu waliohesabu. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1909, na tangu siku zile wanachama wake waliandika waliyoyaona. Mwaka 1989 ilitolewa ramani kubwa ya kwanza ya ndege wa Kenya katika kitabu cha Lewis na Pomeroy, na mwaka 2013 ukaanza mradi mpya wa ramani ambao mtu yeyote mwenye bidii anaweza kuuchangia. Tena, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila Januari ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa huhesabiwa na watumishi wa Makumbusho ya Taifa na Shirika la Wanyamapori pamoja na watu wanaojitolea. Januari imechaguliwa kwa sababu wageni wa kaskazini wamekwisha kutua, na kwa sababu nchi nyingi duniani huhesabu mwezi huohuo, hata hesabu zikaweza kulinganishwa.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Ufuo hugawanywa sehemu sehemu, na kila sehemu hupewa kundi lake lenye darubini na daftari. Ndege wachache huhesabiwa mmoja mmoja. Ndege wakiwa maelfu, mhesabuji huhesabu 100 kwa uangalifu, huitazama nafasi waliyoichukua, kisha hupima kundi zima kwa kipimo hicho. Hesabu ya mwaka mmoja haina maneno mengi. Hesabu za miaka 10 husema. Hesabu za miaka 30 hutoa ushahidi hata mbele ya wakubwa. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hiki kimejazwa kwa asubuhi nyingi za watu wasiolipwa.

Katika kazi hiyo hutokea mara kwa mara kuonekana ndege asiyetazamiwa, na furaha huwa kubwa. Lakini nakuonya, msomaji, uipime furaha hiyo kwa akili. Ndege mmoja adimu huenda amepotea njia tu, akasukumwa na upepo. Habari yake ni nzuri, ila haithibitishi jambo. Wakija 10 mwaka huu na 50 mwaka ujao, hapo pana habari ya nchi. Na habari kubwa kuliko zote aghalabu haisherehekewi na mtu: ni ndege wa kawaida anayepungua kidogo kidogo, mpaka siku moja watu wanapiga mbio kumtazama kwa kuwa amekuwa adimu.

Wako watakaouliza: tuna haja gani na ndege, ilhali watu wamefurikiwa na nyumba zao? Swali hilo ni la haki, wala si la kudharauliwa. Mwaka 1962 Nakuru ilikuwa na watu 38,000 hivi. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 570,000 hivi, na tarehe 1 Desemba 2021 mji ulipewa hadhi ya jiji. Watu hao wote wanahitaji maji, nyumba na kazi. Lakini tazama vizuri: mto unaokauka kwa sababu ya msitu kukatwa humkausha ndege na mkulima pamoja. Maji machafu yanayoingia ziwani yamepita kwanza karibu na milango ya watu. Maji yaliyowafukuza heroe ndiyo yaliyowafukuza watu wa Mwariki. Asemaye kwamba habari za ndege si habari za watu amesoma ukurasa mmoja na kuufumba wa pili.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege wa Nakuru wameuponya mji kwa namna nyingi: wameleta watalii, wameleta jina, na ziwa lao likaingizwa mwaka 1990 katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi za maji, la kwanza katika Kenya, na mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, katika urithi wa dunia. Mwenyeji naye ana wajibu wake, na wajibu wa mwanafunzi si mzito. Chukua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, ndege uliyemwona na idadi yake. Na usipokuwa na hakika na jina, andika rangi, umbo na mwendo, usibuni. Andika hata mbayuwayu wa kwanza wa Septemba, hata mwewe wa juu ya soko, maana hujui ni yupi kati yao ambaye mjukuu wako atamsoma tu katika maandishi. Wamaasai wa zamani na watu wa misafara waliyajua mengi ya ziwa hili ambayo sisi hatutayapata kamwe, kwa sababu hapakuwa na aliyeyaandika. Wewe umefundishwa kusoma na kuandika. Kalamu unayo, na ziwa liko mbele yako.